Mahindi Yaliyomngoja Mikayi

Mahindi yetu yalikuwa yamefika magotini bwana shamba alipoleta mifuko miwili ya mbolea ya yurea. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kijijini kwetu karibu na Kosele, nami nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne. Baba alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Alikufa amekonda sana, na watu wakasema ni chira, ugonjwa wanaosema humpata mtu aliyevunja miiko ya boma. Baada ya mazishi yale, hakuna kwetu aliyethubutu kuvunja mwiko wowote, hata ule mdogo.

Na mwiko mkubwa ulikuwa huu: mikayi, yaani mke wa kwanza, ndiye huanza. Hupanda kwanza, hupalilia kwanza, na mahindi mapya hupikwa kwanza jikoni kwake. Mama yangu alikuwa mke wa pili. Kazi yake ilikuwa kungoja.

Mfuko mmoja ulikuwa wa yurea ya kawaida, nyeupe. Mwingine ulikuwa wa yurea hiyo hiyo, ila imepakwa dawa ikageuka kijani. Bwana shamba alitaka tuijaribu.

"Imepakwa nini hiyo?" mikayi akauliza. "Sumu ya panya?"

"Hapana, mama. Ukitupa yurea juu ya udongo, kuna kitu mle udongoni kinaivunja upesi, inapotelea hewani. Dawa hii inakichelewesha, mbolea ingoje mvua iishushe kwenye mizizi. Lakini hii nyeupe lazima uifukie."

"Mimi na mgongo huu niinamie kila shina? Nipe nyeupe yangu. Ikipaa, itamsalimia mzee huko juu."

Wanawake waliokuja kutazama walicheka, hata mama. Mawingu yalikuwa mazito, na mikayi aliamini mvua ingeifukia mbolea yake kabla ya jioni. Akaitupa juu juu, mstari hadi mstari. Kesho yake mama akaweka ile ya kijani.

Mvua haikuja. Udongo ulikuwa bado na unyevu wa chini, na jua likaupiga siku baada ya siku. Shambani kwa mikayi kukawa na harufu ya kuchoma pua, kama zizi la mbuzi lililofungwa. Tangu wakati ule nimezunguka sana. Nimenunua ng'ombe Ogwedhi, nimepakia samaki Mbita, nimelala miji ambayo hata sikumbuki milango yake. Lakini nikipita kando ya shamba lenye harufu ile, husimama.

Mvua iliponyesha hatimaye, mahindi ya mama yaligeuka kijani cha kukolea. Ya mikayi, ng'ambo ya ua mwembamba wa mkonge, yalibaki ya manjano. Kisimani wakaanza kunong'ona kwamba mke mdogo amevuta rutuba ya shamba la mwenzake. Mama akawa anachota maji peke yake.

Kisha mahindi yake yakakomaa, tayari kuchomwa. Ndani hatukuwa na kitu ila uji wa muhogo, na huo nao ulikuwa unakwisha. Mikayi hakuwasha moto wa mahindi mapya. Mama alikwenda kumwomba, nami nikafuatana naye.

"Mikayi, watoto wanayaangalia mahindi."

"Waendelee kuangalia. Kwani macho yamechoka?"

Tukarudi. Nilimwambia mama nitavunja machache jioni, nani atajua? Akanikazia macho. "Baba yako alikufa watu wakihesabu makosa yake. Sitaki waanze kuhesabu yangu."

Majani ya mahindi yalianza kukauka kwenye ncha. Dada yangu mdogo aliacha kulia njaa. Akawa analala tu mchana, na hilo ndilo lililomtisha mama. Akaenda tena kwa mikayi, nami nyuma yake, safari hii hakuomba. Aliketi chini karibu na jiko lililozimika.

"Si mkono wako ulioharibu," akasema. "Ni jua lile. Ningepewa nyeupe, ningeitupa vilevile."

Mikayi akachokoa majivu kwa kijiti. "Nilisikia harufu," akasema. "Nikajiambia ni mbuzi. Sasa niwashe moto, niwaite watu, niwape nini? Mapengo?"

"Tupe hayo mapengo."

Akainuka kwa shida, akatoka. Alirudi na mahindi machache kwenye upindo wa leso, mafupi kama vidole, punje moja hapa, nyingine kule. Akayachoma mwenyewe. Watoto wa nyumba zote mbili tukaitwa, kila mmoja akapewa kipande. Hakuna aliyecheka. Nilitafuna mpaka kigunzi.

"Umeona," mikayi akamwambia mama bila kumtazama. "Nenda kavunje."

Mama akachukua kikapu. Alitembea polepole mpaka alipopita ua, kisha tukasikia mahindi yakivunjwa, moja baada ya jingine, haraka haraka.