Mpini wa Bastola ya Verlon

Verlon Hatmaker alikuwa kijana mwenye nguvu zake siku wanaume wawili walipomvunja mbavu na kumfungia kwenye chumba cha barafu cha kituo chake cha mafuta. Muuza mikate ndiye aliyemkuta, midomo imebadilika rangi. Walichoiba hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba aliwabembeleza wamhurumie. Wiki ileile alinunua bastola ndogo ya risasi tano, na tangu hapo hakutoka nyumbani bila kuitia mfuko wa kulia wa suruali. Hata kanisani aliingia nayo. Imogene, mkewe, alimshonea mifuko upya kila kitambaa kilipotoboka, wala hakuuliza neno.

Miaka ikaenda, na bastola haikupiga kitu ila makopo. Kisha, alipofika umri wa kustaafu akakataa kustaafu, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Kilianza kidole gumba, ukafuata mkono mzima. Daktari wa mjini Knoxville aliutaja ugonjwa kwa jina, akampa vidonge, akamwambia pasipo kuficha kwamba utazidi. Verlon alirudi nyumbani, akala maharage na mkate wa mahindi, akalala. Asubuhi akaenda kwa Creed Massengill, fundi wa bunduki.

"Huu mpini umeniharibikia," alisema, akiiweka bastola juu ya kaunta. "Unateleza."

Creed alitoa risasi, akautazama mpini. Ulikuwa wa mbao ya mjozi, umelainishwa na kiganja kimoja miaka yote hiyo mpaka ukang'aa. Haukuwa na kasoro. Akautazama na mkono wa mzee, uliokuwa ukigongagonga kioo cha kaunta kabla mwenyewe hajauficha.

"Mpini mfupi hivi, mzee wangu, kidole cha mwisho hakina pa kukaa," alisema taratibu. "Tujaribu wa mpira. Unang'ang'ania kama kupe."

"Kupe gani, wa mbwa wako?"

"Wa mbwa wangu. Wa mbwa wako walishakufa njaa."

Verlon akacheka, na Creed akaona afadhali. Akafungua skrubu, akatoa vipande vya mbao, akavalisha mpira. Verlon aliukamata na uso wake ukakunjuka.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Mpira uliushika mkono, lakini uliushika na mfuko. Kila alipoichomoa bastola, bitana ya suruali ilitoka nayo nje kama ulimi. Akarudi dukani.

"Ndivyo bastola za mfukoni zilivyo," Creed alimwambia. "Mpini unaopendwa na mkono haupendwi na mfuko. Lazima mmoja umuudhi."

Wakajaribu wa mbao mrefu, wenye mabonde ya vidole. Ule ulijaa kiganjani vizuri, ila ulichungulia nje ya mfuko, na Imogene akamuuliza kama siku hizi anatembea na kiatu cha tatu mfukoni. Wakajaribu wa mbao iliyochongwa michirizi. Ukamchubua. Kila mara Verlon aliondoka dukani kifua mbele, na kila mara alirudi na lawama mpya juu ya mpini.

"Mwambie tu," mke wa Creed alimshauri mumewe.

"Nimwambie nini? Kwamba ameisha?" Verlon ndiye aliyeshika jeneza la baba yake Creed upande wa kichwa.

Mwishowe Verlon akaurudia ule wa mpira, akaupunguza kwa kisu mwenyewe. Jumamosi asubuhi alisimama jikoni akijizoeza kuchomoa. Zamani hakujizoeza kabla ya kutoa risasi. Lakini kuzitoa kwa vidole vile kumekuwa kazi ya kuvunja moyo, zinamwagika chini, anaziokota amepiga magoti. Siku hiyo akaziacha. Akavuta. Mpira ukanasa kitambaa. Akavuta kwa hasira, na kidole kikaingia kisipotakiwa.

Mlio ukajaa nyumba. Risasi ilitoboa ukuta wa chumba cha kufulia, ambako Imogene alikuwa akikunja mataulo.

"Imogene?"

Kimya. Akabaki kusimama akiutazama mlango wa chumba cha kufulia.

Mkewe alitokea akiwa na taulo mkononi, uso mweupe kama unga. "Sijaumia," alisema. "Imeingia kwenye mashine." Akavuta kiti, akakaa.

Verlon alitaka kuiweka bastola mezani. Vidole havikufunguka. Vilikuwa vimekakamaa kwenye mpini, vikitetemeka pamoja nao. Ikabidi Imogene ainuke, asukume mtutu uelekee ukutani, na kumfungua kidole kimoja kimoja.

Mchana huohuo akaipeleka bastola kwa Creed.

"Uiweke," alisema.

"Kuna mpini mwingine, mzee, nimesikia..."

"Creed."

Fundi akaichukua bastola.

"Ulijua?" Verlon aliuliza.

"Nilijua."

"Na ukaniacha."

"Ungenisikiliza?"

Verlon alitoka, akahangaika na mlango wa gari hadi Creed akaja kumfungulia.

Jumatatu alifungua kituo kama kawaida. Kabla ya chakula cha mchana wakaingia vijana wawili asiowajua, wakaomba sigara. Mkono wake ukakimbilia mfukoni, ukakuta kitambaa kitupu. Akaanza kutetemeka mwili mzima. Pakiti ilimponyoka, chenji ikatapakaa kaunta nzima, na kijana mmoja akazunguka hadi nyuma ya kaunta. Verlon akafumba macho.

Kijana aliiokota pakiti, akakusanya chenji, akaifunga droo ya pesa. "Babu, unajisikia vibaya? Tukuitie mtu?"

Verlon alitikisa kichwa. Walipoondoka alifunga mlango kwa ufunguo, jua likiwa utosini, akampigia mkewe simu.

Imogene alipitia mlango wa nyuma, akamkuta ameketi juu ya kreti ya soda. "Wamekufanya nini?"

"Wamenisaidia," alisema Verlon.

Imogene alivuta kreti nyingine, akakaa karibu naye, akaushika ule mkono ndani ya mikono yake miwili. Uliendelea kutetemeka humohumo. Nje, mteja wa mafuta alipiga honi, akapiga tena, na hakuna kati yao aliyeinuka.