Nusu Kilo na Mgongo wa Kijitoni

Sokoni walimwita baba yangu Nusu Kilo. Alikuwa na bucha, na ukimwagiza nusu kilo alikata mara moja tu, akaitupa kwenye mizani, mshale ukasimama palepale. Wabishi walibaki wamekodoa macho. Kisha macho yake mwenyewe yakazima, la kulia kwanza, la kushoto likafuata, na kisu akamwachia mdogo wake.

Tangu hapo hakuvuka kizingiti. Alikaa kitandani ameelekea ukutani, chai ikimpolea mkononi. Mama alijaribu redio, akajaribu wageni, akajaribu hata kumgombeza, jambo ambalo zamani lilimchangamsha sana. Wapi! "Mwanangu," aliniambia jikoni, "huyu tutamzika akiwa hai." Niliogopa, maana Mama si mtu wa kukuza mambo.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kijito ambacho hata kuku hukivuka. Baada ya mvua Mama alikwenda kuchota mchanga wa kusugulia masufuria, akarudi na jiwe lenye umbo la mfupa. Akamtupia Baba mapajani.

"Haya, bwana wa mifupa, hicho nini?"

Baba akalipima mkononi, akaligonga kwa ukucha, kisha akalilamba. Mama alicheka hadi akashika mlango.

"Cheka tu. Jiwe halinasi ulimi. Mfupa una vitundu, unanasa. Hii ni pingili ya uti wa mgongo. Ya ng'ombe. Ila mbona nzito hivi?"

Basi ukawa ndio mchezo wao. Kila mvua ikipita, Mama analeta, Baba analamba, na kila kitu kinakuwa ng'ombe. Mwenye bucha hajui mnyama mwingine. Lakini kutoka chumbani, hatoki.

Hadi siku Mama alipoleta pingili pana kama kisahani cha chai. Baba aliigeuzageuza asubuhi nzima. "Ya shingo ya ng'ombe hutokeza upande mmoja, ikabonyea upande wa pili, ili zishikane," alinung'unika. "Hii imebonyea kote kuwili. Sasa huyu alisimamaje?"

Mama alikuwa anatoa vyombo vya mchana. Akachukua mgongo wa samaki uliobaki kwenye sahani, akang'oa pingili moja, ndogo kama punje ya mahindi, akamwekea Baba mkono wa pili.

Vidole vyake vikaizunguka ile ndogo, vikaenda kwa kubwa, vikarudi kwa ndogo. Kibonyeo huku, kibonyeo huku. Nikaona vinyweleo vya mikono yake vimesimama, na vyangu vikasimama. Bahari iko mbali nasi mno. Wengi mtaani hawajaitia machoni.

"Mke wangu," akasema polepole, "samaki mkubwa hivi hata mto haumtoshi. Hapa palikuwa bahari. Hapa, nyuma ya choo chetu!"

Baadaye mtaalamu wa makumbusho alikuja akathibitisha: kisukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, cha samaki mkubwa wa baharini, aliyeishi kabla ya binadamu yeyote. Siku ile hatukumsubiri. Baba alipapasa kwa miguu akatafuta viatu vyake vilivyojaa vumbi, akavivaa, akanyoosha mkono. "Nipelekeni."

Tulimshika huku na huku. Alipiga magoti majini, akapapasa ukingo uliomegwa na mvua, na kando ya pale ilipong'oka ile pana akakuta ya pili, ingali imeshikwa na udongo mgumu. Kisha ya tatu. Mkono ukasogea, naye akasogea nao kwa magoti. Mgongo ulikuwa umelala pale kwa mpangilio wake, na hakuna mtu aliyewahi kuugusa tangu dunia iwe dunia. Nililia, na sioni haya kusema.

Jua likawa kali. Mama akamgusa bega. "Mzee wangu, turudi ndani, utaungua."

"Tangulieni," alisema bila kuinua mkono. "Zinaanza kuwa ndogo, lakini mkiani sijafika."