Walivyomtia Rahma Katika Mchezo wa Waingereza

Enzi zetu kule Unguja, mwanamke akienda sinema alijitayarisha kama anayekwenda harusini. Ilikuwa zamu ya wanawake peke yao, mchana, na njia nzima ilinukia asumini na udi uliokwisha kukaa ndani ya mabuibui. Sisi watoto tulikokotwa mkono, tumefungiwa njugu katika kipande cha gazeti, na mlangoni mama hakosi kutwambia: "Mkilia lieni, mkicheka chekeni, lakini semeni ya kwenye picha tu."

Picha zilikuwa za Misri au za Kihindi. Kila safu ilikuwa na bibi mmoja anayejidai anafahamu kinachosemwa, akatufasiria uongo mtupu, nasi tukaulilia uongo ule mpaka leso zikarowa. Jirani yetu Bi Mgeni alikuwa akikaa kati yetu. Alikuwa ameshaachwa mara mbili na mtaa wote ulijua. Siku moja kwenye picha mwanamke akapewa talaka, akatolewa nje na furushi lake, na mimi, mtoto nisiye na adabu, nikageuka kumtazama Bi Mgeni. Mama akanishika kidevu, akanirudisha uso mbele. Safu ile ilikuwa na wanawake wenye ndimi, nawajua kwa majina, lakini hapana hata mmoja aliyegeuka. Tulipotoka walibishana mpaka nyumbani, nani mkosa, mume au mama mkwe, na Bi Mgeni alibishana kuwashinda wote. Alikuwa na haki ya kubishana. Hakuna aliyemgusa.

Hapa Ibra, nchi ya Waarabu tuliyohamia, sasa tuna Alhamisi zetu. Namshukuru Mungu kwa nchi hii, kwa nyumba yenye baridi katika joto hili na kwa wajukuu waliojaa. Kila Alhamisi wanawake wa ukoo hukusanyika kwangu, na tangu kuanza mwaka huu wanatazama kwenye televisheni mchezo wa Kiingereza wa mapenzi, nusu wa kuchekesha na nusu wa kuliza. Mwanamke kamwacha mumewe kwa kuwa anatafuna kwa kelele, kahamia mji wa pwani, na kila wiki anapendana na mwengine. Maandishi ya Kiarabu yanapita chini. Mvua kwao hainyamazi, na mimi husema ndiyo inayowafungia ndani wakapendana hivyo.

Nilivumilia. Vijana wa leo hawatazami kitu mpaka watoe maoni, na hutoa maoni kabla kitu hakijesha. Zuwena, mtoto wa marehemu dada yangu, anasema mke ana haki, mtu huishi mara moja. Mkaza mwanangu anamwonea huruma yule mume. Wasichana wadogo wananambia, "Bibi, mchezo hii nzuri sana," nami naomba Mungu aisamehe ngeli ile. Kubishana huko sikukuona kosa. Na sisi tulibishana.

Hasira yangu ni ya Alhamisi moja. Nimeshatia udhu kuizima zaidi ya mara moja tangu siku ile, na bado haijanitoka.

Rahma ni mjukuu wangu. Aliolewa, na kabla ya mwaka akarudi nyumbani. Sababu naijua mimi, mamake na kadhi, na Rahma mwenyewe alituomba tusiitoe nje, kwa kumsitiri yule aliyekuwa mumewe na mamake mtu mzima. Kwa hiyo sitaiandika hapa. Niseme tu kwamba haikuwa habari ya kutafuna kwa kelele. Alisubiri miaka kimya, akisomesha watoto wa watu, mpaka watu wa mji wa Samad wakatuma habari kwamba wangependa kuja kumposea kijana wao. Nilimwona akipiga pasi nguo ile ile mara ya pili, nikajua anaitaka posa hii.

Walikuja Alhamisi, kwa kuwa ndiyo siku yao ya nafasi. Akaja bibi wa kijana, Bi Salama, na wakaza wanawe wawili, wote wanasema Kiarabu cha huku. Tukawapa halwa na kahawa. Mimi nilisema ule mchezo uzimwe, Zuwena akapunguza sauti tu, kwa sababu eti ndiyo ulikuwa unakaribia mwisho. Rahma akaingia na sinia ya matunda, akasalimu, akatoka. Pale kwenye kioo yule mwanamke wa Kiingereza alikuwa anafunga tena sanduku lake.

Zuwena akasema kwa Kiswahili, kwa raha zake, "Huyu si Rahma wetu huyu? Kaondoka hata sufuria haijapoa."

Mwenzake akaitikia, "Afadhali huyu. Huyu kila wiki anapata mwengine."

Wakacheka. Huo ndio ugonjwa wetu hapa, kukifanya Kiswahili pazia la kujifichia mbele ya Waarabu, kana kwamba ni sisi peke yetu tuliovuka bahari.

Bi Salama akamaliza kahawa yake, akakitikisa kikombe kama afanyavyo aliyetosheka, akampa Zuwena mkononi. "Ahsante mwanangu," akamwambia, kwa Kiswahili cha Pemba kilichonyooka. "Nimeshiba."

Aliwainua wenzake, akaniaga kwa heshima, wakaenda zao. Zuwena alikuwa bado ameshika kikombe.

Siku chache baadaye Bi Salama alinipigia simu. Nikamwamkia, kwani ni mkubwa kwangu, na nikataka kumweleza. Akanikatiza kwa upole.

"Mtoto sina neno naye," alisema. "Lakini mke haji peke yake, huja na jamaa zake. Na jamaa zake nimewasikia."

Ningesema nini? Kwamba ni mzaha? Kwamba ni maoni ya watazamaji?

Nilimwita Rahma nikamwambia. Akasema alhamdulillahi, akabusu mkono wangu, akaenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Na kwenye simu yangu, katika lile kundi la ukoo, Zuwena alikuwa ameuliza wenzake wameuonaje mwisho wa mchezo. Wakajibu wote, mpaka waliokuwa miji ya mbali, Nizwa na Sur, huyu umemuudhi, huyu umemliza, huyu anataka mwengine. Rahma yumo katika kundi lile. Yeye hakuandika kitu.

Enzi zetu kunyamaza ilikuwa kazi ya safu nzima. Sasa tumemwachia yeye peke yake.