Goti Langu Liligusa Mchanga wa Karantina

Siku niliyokwenda kumposa mama yako nilikuwa na mchanga mpaka ndani ya masikio, binti yangu, na mpaka leo nikiikumbuka ile Ijumaa nacheka peke yangu kwenye gari, abiria wananitazama kwa kioo wakidhani mzee amechanganyikiwa. Wacha wadhani. Jana umenipigia simu kutoka Riyadh umefura, unasema mchumba wako ni mkaidi, mligombana jioni halafu asubuhi akakusalimia vizuri kabisa, eti kana kwamba hakuna lililotokea. Nilikusikiliza tu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Basi nianzie Riyadh hiyohiyo uliko. Nilikuwa kijana, mlinzi wa geti kwenye kompaundi ya Wamarekani. Humo alikaa injinia mmoja mzee tuliyemwita Kochi, na kila Ijumaa alituita walinzi kwenye uwanja wa nyuma kutufundisha mpira wa kwao, ule wa kubebwa mikononi mpaka uvuke mstari wa mwisho wa wapinzani. Wenyewe huangushana, lakini sisi hatukuwa na zile kofia zao ngumu, na kafili gani, yaani mwajiri aliyekudhamini, angemtaka mlinzi aliyevunjika mbavu? Kwa hiyo tuligusana tu. Ukiguswa kwa mikono miwili, unasimama hapo.

Kochi alifuata sheria za wachezaji wa kulipwa, na alizishika kama watu wa dini wanavyoshika zao. Ukidaka mpira pembeni, miguu yote miwili lazima iguse ndani ya uwanja. Na ukijikwaa mwenyewe ukaanguka, hujaisha: maadamu hakuna aliyekugusa, inuka ukimbie. Hiyo ya pili niliipenda sana. Nilikuwa mtu wa kuanguka-anguka.

Mama yako Mwende alikuwa Jeddah, analea watoto katika nyumba moja ya watu wakubwa. Tulijuana madam wake alipokuja kutembelea kompaundi yetu, naye akabaki karibu na geti na watoto, mmoja analia, mwingine amevua viatu. Nikamsaidia kutafuta kiatu. Baada ya hapo tulizungumza kwa simu mpaka Otieno, niliyekaa naye chumba kimoja, akaniambia nioe au nihame.

Nikampigia simu babu yako mzaa mama, kule Machakos, kuposa. Hakunizungusha. Akasema huko mliko yuko Kioko, ndugu wa mama yake Mwende, amesimama mahali pangu. Kioko akikubali nimekubali, akikataa usinipigie tena.

Huyo mjomba Kioko alikuwa dereva, anakaa mtaa wa Karantina, hukohuko Jeddah. Nilipompigia kuomba siku, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nasikia nyinyi wa Riyadh mnacheza mpira wa Kimarekani?" Nikasema tunajaribu. "Njooni na timu. Mtacheza na vijana wangu huku wali wa kabsa ukiiva, halafu ndiyo tuongee." Nikaona nimepata mkwe wa kufurahisha. Kumbe yeye alikuwa amemwendesha mwalimu mmoja Mmarekani kwa muda mrefu, na yule mwalimu hakuwa na habari na mpira wa kulipwa. Alipenda mpira wa vyuo, akamfundisha Kioko huo.

Mimi sikujua kwamba ni tofauti. Mpira si ni mpira?

Tukafika Jeddah tumebanana kwenye gari la kuazima. Ilikuwa lazima mambo yaishe siku hiyo, maana juma lililofuata familia ya madam ilikuwa inasafiri nje pamoja na mama yako, na hakuna aliyejua watarudi lini. Madam alimpa ruhusa mpaka Magharibi, dereva angekuja kumchukua. Wanawake walikuwa juu ya paa wanapika, wanatuchungulia. Siku hizi mnakaa uwanjani pamoja mkila bisi; wakati ule mambo hayakuwa hivyo.

Tulicheza kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba, na nakwambia tulicheza. Mjomba Kioko, na tumbo lake lote, alikuwa kepteni wa Jeddah na refa pia, na hakuna aliyeona ubaya. Tukaenda sare mpaka karibu na mwisho. Otieno akanirushia mpira, nikaudaka, nikamkwepa wa kwanza, nikamkwepa wa pili, nikateleza. Goti chini. Hakuna aliyenigusa. Nikainuka, nikakimbia mpaka mstari wa mwisho, na Riyadh nzima ikanirukia mgongoni.

Tulipogeuka, Jeddah walikuwa wamesimama tu wanatushangaa. Mjomba Kioko alikuwa pale nilipoteleza, kidole kinaonyesha mchanga.

"Goti liligusa hapa," alisema. "Mpira ulikufa hapa."

"Nani alimgusa?" Otieno akauliza.

"Aguswe na nani? Ameanguka."

Otieno akaanza kueleza sheria za Kochi, wao wakaeleza sheria za mwalimu, sauti zikapanda. Wote walikuwa wanasema kweli, mwanangu, hapo ndipo penye utamu. Kwenye mpira wa kulipwa ningekuwa shujaa. Kwenye mpira wa vyuo goti likigusa chini mchezo umekwisha, uguswe usiguswe. Lakini nani angelijua hilo siku hiyo? Kila mtu aliona mwenzake anamwibia mchana kweupe. Otieno akasema, "Halas, tupande gari twende zetu." Na mjomba Kioko akasema neno ambalo lilinishusha moyo mpaka kwenye viatu: "Kijana asiyejua kwamba ameanguka, nitampaje msichana wetu?"

Nilibaki na mpira mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Kumwambia mkwe amekosea, siwezi. Kuwaambia wenzangu waliosafiri njia yote ile kwa ajili yangu kwamba wamekosea, siwezi pia. Na jua linashuka.

Hapo mama yako akateremka kutoka juu ya paa, mwiko bado mkononi. Hakupandisha sauti.

"Mjomba, kabla hamjaanza, uliwaambia sheria za huku?"

Mjomba akatazama pembeni.

"Na wewe Mwadime, uliuliza?"

"Sikuuliza," nikasema.

"Kabsa imeiva. Na dereva wa madam hachelewi." Akapanda zake juu.

Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Nikatembea mpaka pale kwenye alama ya goti langu, nikauweka mpira chini. "Mjomba, huu ni uwanja wako," nikasema. "Tuanzie hapa." Otieno alinitazama kama nimeuza shamba la baba yake.

Tukaanzia hapo, wakatunyang'anya mpira. Mara mjomba Kioko mwenyewe akarushiwa pembeni, akaruka, sijui tumbo lile lilipaaje, akaudaka kwa vidole. Mguu mmoja ndani, wa pili nje. Kwa sheria zake ameudaka vizuri kabisa, na mbele yake hapakuwa na mtu. Jeddah wakaanza kushangilia. Yeye akatazama miguu yake, akatutazama sisi, akacheka mpaka akakaa chini. "Mguu mmoja," akasema. "Kwa watu wa Riyadh huu si mpira. Warudishieni."

Ule mchezo haukuisha, na usiulize nani alishinda. Tulikula tukiwa na mchanga, Otieno akila kuliko wote na hasira zake zote, na mjomba akampigia babu yako simu hapohapo akamwambia amekubali. Halafu akatuita mimi na mama yako. "Tumepatana mahari na siku," akasema. "Sheria za nyumba yenu je? Kaeni pale kwenye ngazi, mlango wazi niwaone, mwambiane: mtu akianguka, kwenu inakuwaje?"

Tukakaa, tunaona haya. Mama yako akasema, "Kwetu mtu akianguka, kila kitu kinasimama mpaka ainuliwe." Nikamwambia, "Kwetu ukianguka unajiinua, unaendelea, na wenzako wanajifanya hawakuona, wasikuaibishe." Akanitazama. "Sasa nimejua," akasema. Honi ya dereva ikalia.

Basi sikiliza, mwanangu. Huyo kijana aliyekusalimia asubuhi baada ya ugomvi, mimi namwona kama mtu wa Riyadh: ameteleza, ameinuka, anakimbia, anafikiri anakuheshimu. Wewe umelelewa na mama yako, umesimama kwenye alama ya goti unangoja mchezo usimame. Hakuna mkaidi hapo. Mpigie leo, usimuulize nani ana makosa. Muulize kwao mtu akikosa inakuwaje, nawe umwambie kwenu. Siku nyingine mtafuata yake, siku nyingine yako, na mwenye uwanja awe wa kwanza kurudisha mpira. Mkianza kuhesabu nani amerudisha mara nyingi, mmeharibu.

Mungu akuwekee nyumba yenye kelele za kucheka. Akupe mume atakayesimama ukianguka, na akupe wewe macho ya kutoona akiteleza kidogo. Watoto wenu wawe na mbio za Otieno, wasiwe na mdomo wake.

Mama yako yuko hapa ubavuni anasikiliza kila neno. Anasema nikwambie goti liligusa, aliliona vizuri kutoka juu ya paa. Nimemwambia hakuna aliyenigusa. Amenishika bega kwa mikono yake miwili, sasa nalazimika kusimama hapa.