Kwa nini naitwa Mla Nguo: madaftari matatu ya Injili, Geita 1953

Wakuu, habari zenu. Kama humu kuna aliyenizidi umri, shikamoo yake. Wengine wote marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "Biblia ilichakachuliwa". Ule nimeusoma wote, macho yanauma. Watu wanatukanana tu. Sijaona hata mmoja pale aliyewahi kunakili kitabu kwa mkono wake.

Mimi nimewahi. Nitaeleza yaliyonikuta na sitaongeza kitu. Nimechoka, na kudanganya kunataka nguvu.

Elimu yangu ni darasa la pili. Msihangaike na spelling zangu, mtaona mbele kwa nini.

Taabu yangu ilianza 1951, nikiwa na miaka kumi na tano.

Baba alikuwa mfumu, yaani mganga, huko vijijini Shinyanga. Watu walitoka mbali kumfuata. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza wa kiume, kwa hiyo mkoba wa dawa ulikuwa wangu na zizi lilikuwa langu.

Nikaenda nikabatizwa. Sikumuuliza.

Hakunipiga. Dini ya kitabu yeye aliiita karatasi. Alisema tu, "Umenibadili kwa karatasi. Nenda ukaishi na karatasi yako." Akaendelea kufunga ndama.

Nilitembea siku sita mpaka Geita, kwenye mgodi wa Wazungu. Nikapewa kazi ya kusukuma toroli la mawe. Ninyi mnaolia maisha magumu na bodaboda imewasubiri mlangoni... basi, tuyaache.

Mwenzangu kwenye toroli alikuwa Saidi, Mzaramo, Mwislamu, amenizidi kama miaka kumi. Mzaramo na Msukuma ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kunisema lolote, na aliitumia yote.

Kambini tulikuwa na katekista, Mwalimu Zakayo, katoka Bukoba. Kitabu kilikuwa kimoja tu, Injili moja ndogo, ya kwake. Kati yetu Wakristo, wenye kujua kuandika tulikuwa watatu: mimi, Masanja ambaye ni Msukuma mwenzangu, na Mpare mmoja tukimwita Mbwambo. Mwalimu alisoma, sisi tukaandika, kila mtu daftari lake. Jumapili baada ya Jumapili mpaka kitabu kikaisha.

Ilikuwa bahati. Mwaka 1953 mchwa waliingia kwenye sanduku la Mwalimu. Injili ile ikabaki jalada na udongo.

Mwaka huohuo baba akatuma mtu. Ujumbe: macho yangu yanakufa. Rudi kabla pamba haijachumwa, itupe hiyo karatasi, uchukue mkoba na ng'ombe. Usiporudi nampa mdogo wako, na kwenye msiba wangu usije.

Nilikuwa bado nauwaza ujumbe huo pale Saidi alipochukua daftari langu, tukiwa tumepumzika na ugali wetu. Alijua kusoma vizuri kuliko mimi.

"Wewe Msukuma," akasema, "hapa umeandika askari walipiga KULA nguo za Yesu. Walizila na chumvi au bila?"

Kambi nzima ikacheka. "Mla Nguo! Mla Nguo!" Jina likaganda mpaka leo, na humu ndilo ninalotumia.

Kwa msiojua: Kisukuma chetu r hatuna. Kura na kula, mdomoni kwetu ni kitu kimoja. Sikio nalo lilisikia hivyohivyo, mkono ukaandika.

Saidi alipomaliza kucheka akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniua.

"Bwana wee, fikiri. Umeandika juzi tu, mwalimu yuko mbele yako, na umeshaharibu. Hao wa zamani walionakili miaka na miaka, nani aliwasimamia? Na kile cha mwanzo kiko wapi? Kimeliwa."

Nikaenda kwa Mwalimu Zakayo.

"Mwalimu, futa jina langu. Nimempoteza baba kwa kitabu ambacho hata mimi naweza kukiharibu. Narudi nyumbani."

Hakubishana. "Jumapili lete daftari lako," akasema. "Masanja na Mbwambo walete yao. Na Saidi aje."

Saidi akauliza, "Nije kwenu kufanya nini? Kuna ubwabwa?"

"Uwe msomaji. Wewe si wetu, hutampendelea mtu."

Basi tukakaa kwenye benchi. Saidi akaweka madaftari matatu mapajani, akawa anasoma mstari mmoja mara tatu, daftari kwa daftari. Ilichukua Jumapili tatu.

Tulipofika kwa askari, langu lina kula. La Masanja, kula. La Mbwambo, kura.

Saidi akapiga paja. "Wawili kwa mmoja! Kula imeshinda! Masanja na wewe mnakula nguo!"

Mwalimu akasema, "Haijashinda. Hawa wawili wamenyonya ulimi mmoja. Wakikosea, watakosea pamoja. Hapo ni shahidi mmoja. Msihesabu vichwa, ulizeni kosa limetokea wapi."

Wakuu, neno hilo nimelibeba miaka sabini. Nimelitumia kwenye pamba, kwenye mashine, kwenye kesi za mashamba. Hakuna shule iliyonipa neno kama hilo.

Mbwambo hakukosea r hata moja, lakini alikuwa anatoka zamu amechoka, akasinzia. Pale Petro anapoota moto, mstari mzima kwake haupo. Kwangu upo, kwa Masanja upo. Masanja naye aliandika mstari mmoja mara mbili.

Yaani hakuna daftari lililokuwa safi. Lakini kusinzia kwa Mbwambo hakukunifikia mimi, na ulimi wangu haukumfikia Mbwambo. Ili tupotee kabisa, ilibidi wote watatu tukosee mahali pamoja, kwa namna moja. Saidi alikuwa anasahihisha kwa penseli huku anaguna.

Na nilikuwa natafuta, nawaambia ukweli. Nilitaka nipate sababu ya kurudi kwa baba. Nilitafuta daftari ambalo Yesu hakukamatwa, au hakufa, au kaburi halikukutwa wazi. Sikuliona. Makosa ni mengi, habari ni moja.

Miezi baadaye Mwalimu alipata Injili nyingine ya kuchapwa kutoka Mwanza. Saidi mwenyewe ndiye aliyesema tulinganishe. Mahali pawili tulikuwa tumekosea wote, maneno madogo. Hilo silifichi. Kwingine kote tulikuwa tumekirudisha kitabu kilicholiwa na mchwa.

Saidi akafunga kitabu. "Mimi na dini yangu, hilo msahau. Lakini kilichoandikwa nakijua sasa. Kwamba kimepotea, sisemi tena."

Ushahidi unafika hapo tu, vijana. Unakwambia kilichoandikwa ni kipi. Kukiamini ni kazi nyingine, na Saidi hakuifanya. Tulibaki marafiki mpaka alipokufa.

Pamba ikachumwa. Sikurudi. Mkoba akapewa mdogo wangu.

Nilikwenda 1958, nikijua naweza kufukuzwa. Baba alikuwa haoni kabisa, amekaa kwenye kigoda uani.

"Wangaluka, baba," nikamwamkia Kisukuma.

Akaijua sauti. Akageuza uso upande wangu.

"Bado unayo ile karatasi?"

"Ninayo."

"Soma."

Mwalimu alitukataza kufuta makosa, tuandike lililo sahihi juu yake. Kwa hiyo kula bado ilikuwepo, na kura juu yake kwa penseli ya Saidi. Nikasoma vizuri tu mpaka kwa askari. Hapo ulimi ukanirudi kwetu. Nikasema kula.

Baba Kiswahili cha dukani alikuwa anakijua. "Walikula nguo?"

Akacheka mpaka akakohoa. Miaka saba sijausikia mcheko huo. Nikamweleza yote, mchwa, Mpare aliyesinzia, Mzaramo na penseli yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema, "kama ni kula, sogea tule."

Hakubatizwa. Alikufa na dawa zake. Lakini msibani nilikuwepo, na jembe la kwanza la kaburi nilishika mimi.

Funzo langu ni fupi. Kosa la mwandishi siyo uongo wa kitabu. Usiogope makosa, yafuate mpaka yalikotoka.

Anayetaka kupinga apinge. Ila kwanza anakili sura moja kwa mkono, wenzake wawili nao wanakili, kisha mlinganishe na mje hapa. Nasoma polepole, ila nitajibu.

Nilivyo navyo leo:

Nyumba ya matofali Ngokolo, Shinyanga mjini, vyumba vinne.
Mashine ya kusaga moja, inasumbua.
Ng'ombe tisa.
Ekari sita za pamba.
Kaburi la mke wangu, nimelijengea.
Simu hii.
Daftari moja. Kula sijaifuta.