Maisha ya Bibi Matone, Aliyeufunua Mguu Wake Bombani

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, kwenye uchochoro unaopakana na kiwanda cha sabuni, mwaka ule upepo ulipoezua mabati ya mtaa mzima. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho, mama yake alifua nguo za watu, na yeye alikuwa mkubwa kwa wasichana wawili. Jina la ubatizo alipewa, lakini lilibaki kanisani, maana mtaani kila mtu humwita mwenzake anavyopenda. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia alipopatwa na homa, na homa ilipoondoka ilimwacha na mguu wa kushoto mwembamba, wa baridi, uliokaa mwilini kama mgeni asiyesaidia kazi. Wengine walisema mtoto amerogwa. Wengine walisema mama yake alikanyaga kitu. Hakuna aliyesema polio, kwa kuwa neno hilo lilikuwa bado halijapata njia ya kuingia uchochoroni.

Tangu alipopata akili, aliuficha mguu ule. Alishona magauni ya kuburuza chini, na akiulizwa mbona anachechemea, alijibu kwamba ardhi ndiyo imepinda. Aliolewa na msukuma mkokoteni, mtu mpole, na inasemekana hata huyo marehemu aliujua mguu huo kwa kupapasa tu. Mchana hakuwahi kuonyeshwa. Mungu hakuwajalia mtoto. Mdogo wake alipofariki, alimchukua binti yake na kumlea kama wa tumbo lake, naye binti akamwita Mama Mkubwa mpaka mwisho.

Wito wake ulimjia Jumapili moja baada ya misa. Padre alitangaza kwamba zahanati inatafuta wanawake wanaoijua mitaa, wapite nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto matone ya kuzuia polio. Wanawake wenye miguu miwili mizima walitazama sakafu. Yeye akasimama. Miaka mingi baadaye alipenda kusema kwamba Roho Mtakatifu ndiye aliyemsimamisha, ingawa benchi nalo lilikuwa na msumari.

Akapewa kisanduku cha baridi cha kuning'iniza begani, chenye barafu na vichupa vya chanjo, pamoja na kalamu ya wino wa buluu usiotoka upesi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unapiga hodi, unampakata mtoto, unambana mashavu kidogo mdomo ufunguke, unadondosha matone mawili, kisha unampaka wino kidole kidogo cha kushoto ili ijulikane amekwisha pata. Aliifanya kwa mbwembwe. Alijua pazia lipi lina mtoto nyuma yake, nani analala zamu ya mchana asigongewe, na mbwa yupi ni wa maneno tu. Aliimba, alitania, aliwaahidi watoto kwamba matone yanaotesha ndevu. Ndipo akaitwa Bibi Matone, na jina hilo akalivaa kama taji.

Lakini watakatifu nao wana vichwa, na vichwa huvimba. Bibi Matone alipenda uchochoro wake uwe wa kwanza kumaliza. Zahanati ilimpigia makofi mbele ya wenzake, akanogewa. Pole pole akaacha kufungua midomo, akawa anatazama vidole. Mama akichungulia nyuma ya pazia na kunyoosha kiganja cha mtoto, "Huyu ameshapata, Bibi Matone, alikuwa kwa shangazi yake!", yeye aliona wino, akaitikia, akapita.

Ikafika habari kwamba ng'ambo ya reli mtoto mmoja ameamka hawezi kusimama. Wakati uleule, kwenye karakana za wanaume, ulizuka uvumi kwamba matone yanakausha uzazi wa watoto wa kiume. Kina mama wa uchochoro wakabanwa katikati: huku wanawaogopa waume zao, huku wanamwonea haya Bibi Matone. Wakanunua kalamu ya buluu kwenye duka la madaftari. Kalamu ile ilifichwa ndani ya mkebe wa unga, ikatoka nyumba hii kwenda ile, ikatembelea familia nyingi kuliko padre. Timu ya zahanati ilipopita, kila kidole kilikuwa cha buluu. Bibi Matone akamaliza wa kwanza, akapigiwa makofi tena.

Jumapili iliyofuata alisimama kuwa mama wa ubatizo wa mjukuu wake, mtoto wa yule binti aliyemlea. Mtoto alikuwa amekwisha kuwa mkubwa, mwenye nguvu na fujo. Padre alipomwinamisha juu ya beseni, mtoto akatumbukiza mkono wa kushoto na kuyapiga maji. Wino ukaachia. Buluu ikasambaa ndani ya maji ya baraka mbele ya watu wote, na mzee mmoja wa kwaya akapiga magoti akidhani ni muujiza.

Bibi Matone alijua si muujiza. Wino wa zahanati hautoki kwa maji ya beseni. Alimtazama binti yake, na binti akatazama viatu vyake.

"Mama Mkubwa, nisamehe," alinong'ona walipotoka nje. "Baba watoto alisema akisikia mwanawe amelambishwa yale matone, nirudi kwetu."

"Kwenu ni kwangu, mwanangu. Ungekuja. Na hao wengine?"

"Wote, Mama Mkubwa. Uchochoro mzima. Kalamu inazunguka ndani ya mkebe wa unga."

Hapo akaona alichokifanya. Watoto wote wa uchochoro walikuwa wazi, ugonjwa uko ng'ambo ya reli, na yeye ndiye aliyewapita akitafuta makofi.

Hakungoja. Alikwenda zahanati siku hiyohiyo akaeleza. Bwana afya aliruka kitini. "Nipe majina ya hao kina mama! Kesho nakuja na askari."

"Majina ninayo," akasema Bibi Matone. "La kwanza ni langu, maana kazi ya kufungua midomo ilikuwa yangu. Ukija na askari, watoto watapitishwa madirishani. Nipe kisanduku na siku ya kesho tu."

Bwana afya alimwangalia, akampa.

Asubuhi, wakati foleni ya maji imejaa, Bibi Matone alifika bombani akageuza ndoo, akaikalia. Kisha akafanya jambo ambalo hata marehemu mumewe hakulipata: akalipandisha gauni mpaka juu ya goti na kuunyoosha mguu ule juani. Ndoo zikaachwa zikifurika. Hakuna aliyezungumza.

"Njooni mshike," akasema. "Hauumi. Haya, shikeni, mnanisengenya miaka yote hii hata hamjui mnachosengenya!"

Mama mmoja akagusa, akaurudisha mkono. "Wa baridi!"

"Ni wa baridi tangu mimi mtoto. Kalamu yenu nimeijua. Sitaki kujua iko kwenye mkebe wa nani. Nami nimewakosea, nilipita kama upepo. Leo nataka midomo."

Yule mkwe wake, fundi wa kuchomelea, alikuwa amesimama pembeni na miwani yake ya kazi kichwani. "Lakini mama, wanasema watoto wetu wa kiume hawatazaa."

"Mkwe wangu, wewe ulipewa matone ukiwa mdogo. Aliyekupakata ni mimi, na uliniuma kidole. Sasa sema mbele za watu: huyu mtoto wa jana kanisani ni wa nani?"

Bomba zima likaangua kicheko. Fundi alicheka mwisho, akainama, akamtoa mwanawe mgongoni kwa mkewe na kumweka mapajani mwa Bibi Matone. Yeye mwenyewe ndiye aliyembana mashavu. Wengine wakafuata, na kabla jua halijashuka hapakubaki mtoto ambaye mdomo wake haukufunguliwa. Uchochoro ulimaliza wa mwisho kuliko vyote, na hakuna aliyepiga makofi.

Msimu ule ugonjwa uliwalemaza watoto kadhaa ng'ambo ya reli. Uchochoroni haukumpata hata mmoja. Waumini wengi wanaliita jambo hilo muujiza. Yeye alijibu kwamba muujiza ni kina mama wa bombani kunyamaza wote kwa wakati mmoja. Tangu siku ile magauni yake yalifupishwa, akasema kitambaa ni ghali.

Alifariki mzee, kitandani, wakati wa kiangazi, akimgombeza padre kwa kusoma sala haraka. Jeneza lake lilibebwa na vijana wa uchochoro, wale watoto wa bombani, na wote walitembea sawasawa. Kisanduku sasa anakibeba yule binti yake, naye hatazami vidole.

Basi, wewe unayetaka kumwiga, usitafute mateso makubwa. Nenda kwa jirani mliyenuniana, mwenye mtoto mchanga nyuma ya pazia. Mwombe radhi kwanza, ndipo umwombe mtoto. Na akikufungia mlango, keti kizingitini. Maji yatamwishia, atatoka.