Mchuma Chai Anakwenda Munnar

Mwaka 2018 mama alikuja kukaa nami Johannesburg kwa miezi minne, na mwezi wa kwanza wote alishinda akilalamikia baridi na kuta ndefu za mtaa wetu wa Randburg. "Hapa jirani anaweza kufa usijue," alikuwa akisema huku akichungulia getini. Mimi nilikuwa nafundisha chuo kikuu. Nilitoka asubuhi nikirudi jioni, naye akabaki na televisheni isiyojua Kiswahili.

Siku moja ofisini, mwenzangu mmoja ambaye wazazi wake walitoka Kerala, kusini mwa India, alinionyesha picha ya mlima uliogeuka zambarau kuanzia bondeni hadi kileleni.

"Maua haya huchanua mara moja kila baada ya miaka kumi na miwili," akaniambia. "Zamu yake ni mwaka huu, kuanzia Agosti, huko Munnar."

Nilihesabu kimoyomoyo. Zamu inayofuata ingekuwa 2030, na mama alikuwa na miaka sitini na tisa. Siku hiyo nilisahihisha karatasi za wanafunzi bila kujua nasoma nini. Njiani kurudi, nilisimama kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, ikawaka kijani, nami nimekaa tu naiwaza milima, mpaka wa nyuma wakaanza kunipigia honi.

Nilimkuta mama jikoni anachambua mboga. Sikungoja hata kuvua viatu.

"Mama, twende India."

"Kuna nini India?"

"Milima. Ukungu wa asubuhi. Maua ambayo hujawahi kuyaona. Na mashamba ya chai mpaka macho yachoke."

Akaweka kisu chini. "Chai?"

"Ndiyo, mama."

"Nimechuma chai Kericho miaka thelathini na moja. Mgongo huu umepindwa na chai. Leo nipande ndege nikatazame chai?"

Alicheka mpaka akakaa. Nami nikacheka, ingawa nilivunjika moyo. Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba lile, kwenye safu za nyumba za chumba kimoja kimoja, ambako watu walitoka kila kabila na Kiswahili ndicho kilichotulea sote. Nilimkumbuka mama akiondoka alfajiri na kikapu mgongoni, na aproni ya plastiki iliyomkinga umande. Kweli, ni nani angetamani kutalii mahali panapofanana na kazini kwake?

Baada ya chakula nilimpa simu atazame picha, basi tu. Aliishika mbali na uso, kama anavyoshika Biblia akisahau miwani. Akapitisha picha ya ziwa, akapitisha picha ya tembo. Alipofika kwa wanawake waliosimama shambani, akaisogeza simu karibu.

"Hawa wameshika nini?"

Niliikuza picha. "Makasi. Makasi yenye kisanduku cha kudakia majani."

"Makasi!" Akaruka kama aliyemwagiwa maji. "Chai inakatwa kama nyasi? Majani mawili na kichipukizi, hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Makasi yatajuaje jani changa na jani kuukuu?"

"Sijui, mama. Tungewauliza."

Akanitazama. "Ulisema tunaondoka lini?"

Kuanzia hapo nyumba haikutulia. Nilibandika ramani kwenye friji, na mama akawa anaifuata njia kwa kidole kila anapochukua maziwa: Johannesburg, Nairobi, Mumbai, Kochi, kisha gari kwa muda wa saa nne kupanda Munnar. Wakati wa kurudi yeye angebaki Nairobi na kuendelea nyumbani. Nilipata nyumba ndogo ya wageni inayotazama bonde, na mwenye nyumba hiyo, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya upole, aliniambia kwa simu kwamba mke wake atatupikia.

Tulijaza fomu ya viza kwenye mtandao Jumamosi moja, mimi nikiuliza, mama akijibu kama yuko mahakamani.

"Wanauliza kama babu au bibi yako alikuwa raia wa Pakistan."

"Babu yangu hakuwahi kufika hata Nakuru."

"Kazi? Nitaandika mstaafu."

"Andika mchuma chai."

"Mama, ulishastaafu."

"Andika mchuma chai. Wasidhani naenda kushangaa tu."

Niliandika. Viza ilikuja siku ya nne, akaomba niichapishe nakala mbili. Moja akaiweka ndani ya Biblia.

Kisha katikati ya Agosti mvua ikaishukia Kerala. Tuliona kwenye habari madaraja yamebebwa, watu wako juu ya mapaa, uwanja wa ndege wa Kochi umejaa maji. Nilipiga simu nyumba ya wageni siku nne mfululizo bila kupokelewa. Siku ya tano yule mwenyeji akapokea. Walikuwa salama, akasema, lakini barabara ilikuwa imekatika, na maua mengi yalikuwa yameoza kabla ya kufunguka.

Mama alikuwa ananivuta mkono. "Muulize wachumaji. Nyumba zao ziko chini ya mteremko?"

Nikauliza. Mwenyeji akasema ndiyo, zipo chini ya mteremko, na baadhi zimefukiwa na udongo. Nilipomtafsiria mama, aliondoka akaenda kukaa uani peke yake. Jioni ile aliombea watu ambao hatukuwajua hata kwa sura, akawaombea kirefu kuliko anavyotuombea sisi wanawe.

Mwenzangu wa ofisini alinishauri tubadilishe, twende pwani. Mama akakataa. "Mwenye nyumba akisema tusije, hatuendi kumsumbua. Akisema tuje, tutakwenda. Lakini pwani siendi."

Tulisubiri wiki tatu. Sikuthubutu kuigusa ile ramani, wala kuibandua. Kisha Septemba, nikiwa katikati ya mkutano, simu ikatetemeka mfukoni. Nilitoka mbio koridoni.

"Barabara imefunguliwa," mwenyeji alisema. "Njooni. Wageni wasipokuja, hapa hakuna atakayepata kazi. Maua siahidi, ila huko juu kabisa yameanza kutokeza."

Sikurudi mkutanoni. Nilimpigia mama, na kabla sijamaliza kusema nikamsikia akipiga vigelegele peke yake jikoni. Niseme sasa hivi kwamba maua hayo tuliyaona, mashada machache ya rangi iliyofifia, na hakuna aliyejuta kupanda.

Lilibaki koti la baridi ya mlimani. Mama hakutaka la dukani, basi tukaenda mtaa wa Berea kwa fundi mmoja Mkongo wa Lubumbashi aliyeshona katika chumba cha ghorofa ya pili, cherehani ikiwa dirishani. Alipomsikia mama akisema Kiswahili, aliacha kazi akamletea kiti.

"Mama, uko naenda fasi gani na koti ya namna hii?"

"India, baba. Mlimani. Mabega yaachie nafasi, nitanyoosha mikono."

Fundi alimpima mara mbili. "Mabega ya mama ni ya mtu wa kazi," akasema kwa heshima, na mama, ambaye hapendi kusifiwa, alitabasamu hadi tukafika garini.

Siku ya safari alikuwa amevaa koti hilo tangu asubuhi, na jua la Septemba linawaka. Begi lake lilikuwa mlangoni saa tano kabla ya wakati. Kila gari lililopita alisimama. Nilipomwambia apumzike, alisema amepumzika tangu alipostaafu, inatosha.

Teksi ilipofika, hakungoja nimfungulie. Aliingia mbele, akafunga mkanda mwenyewe, akapakata mkoba wake kwa mikono miwili. Dereva, kijana mchangamfu, akamgeukia.

"Uyaphi, gogo?"

Mama hajui Kizulu hata neno, wala kwamba gogo kwao ni bibi, lakini alielewa anaulizwa anakokwenda. Alijiweka sawa kitini, akalitamka jina la nchi taratibu ili lisimpotee hata kidogo:

"India."

Dereva akaguna kwa mshangao, akapiga honi mara mbili, na tukatoka getini tukicheka wote watatu.